Saa Moja Hadi kwa Yolanda

Baba Yolanda na Marlene,

Maharage yako jikoni, moto mdogo. Yaongezeni maji yasiungue. ~~Jogoo mchinjeni jioni.~~ Jogoo asiguswe, nitamhitaji kwa supu ya mzazi.

Mlipotoka tu kwenda shambani Naliendele, Yolanda alipiga simu kutoka Dar. Uchungu umemwanza kabla ya siku zake. Alisema, "Mama, najua ni mbali, niombee tu." Nikamjibu napanda basi. Akaanza kulia, kwamba basi litaingia usiku na mtoto keshazaliwa.

Ndipo mumewe Dickson akachukua simu. "Mama, kwa barabara ni kilomita zaidi ya mia tano, lakini kwa ndege ni saa moja tu. Tiketi nimeshakata, wahi uwanjani."

Nikakupigia, Baba Yolanda, simu yako ikaita chini ya mto. Kila siku nakwambia uibebe. Nimekuwekea hapa mezani, sasa kaa nayo karibu, nikitua nitapiga.

Najua utanicheka, maana niliapa mbele yako kwamba sipandi chombo kisichogusa ardhi. Mwandiko umepinda kwa sababu ya haraka, si kwa woga. Tangu aolewe nalalamika kwamba mwanangu yuko mbali, kumbe ni saa moja!

Marlene, mbuzi wafungiwe mapema. Bodaboda anapiga honi.

Ni mimi mama yenu, na Mungu akipenda jioni niiteni bibi.