Tonton Ngumi hakutuma sufuria zake mbele

Mpendwa yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia nikiwa atelier, mashine ya kushona mbele yangu na suruali ya mtu magotini, haijamalizika. Najua utakavyosema: mdogo wako akipata sababu ya kuacha kazi, haipotezi.

Leo asubuhi pale rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, nimeona pikipiki ya taksi-moto iliyochorwa Tonton Ngumi kwenye bavette, kikinga-matope cha nyuma. Ndiye yeye kabisa: kofia, tai, kifua kama mlango wa benki, na risasi zinazojikunja zikimgusa. Kijana mwenye pikipiki hakuwa amezaliwa wakati siye tulikuwa tunagombania ile bédé, kitabu chake cha katuni. Nikamuuliza anampendea nini yule mzee wa zamani, na kwenye telefone kuna mashujaa wapya wanaoruka mpaka mwezini.

"Bale ba sasa banalia sana, papa," akanijibu. "Kila saa iko na mawazo, iko na shida na baba yake. Tonton, hapana. Anapitia mulango ya mbele, anatosha kofia kichwani, anasalimia bandi, kisha anapiga. Haogopi kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Njo maana tunamupenda."

Nikamtazama kama ninavyomtazama muuzaji anayeniapia kwamba kitambaa chake hakitachuja rangi.

Unakumbuka, yaya, Jumapili zetu baada ya ibada? Avenue nzima ilikuwa na bédé moja, tena ya Kifaransa, na mwenye Kifaransa cha kutosha ulikuwa weye peke yako. Ulikaa juu ya bidon, lile dumu la maji, kama shefu, siye chini mavumbini, ukawa unatutafsiria. Mabandi, wale majambazi, wote walisema kwa sauti ya mwalimu wa korali. Tonton Ngumi alisema kwa sauti ya baba siku tukiwa na wageni. Hakuvaa maski hata siku moja. Kabla ya kwenda kupigana alituma habari kwamba anakuja, na saa atakayofika, ili bandi asije akasema alishtukizwa. Nilikuuliza kwa nini hajifichi. Ukaniambia, "Mutu ya kweli anajifichia nini?" Mimi wakati ule, unajua, nilikuwa ninazunguka njia nyingine kwa kumwogopa jogoo wa jirani. Nilimpenda Tonton Ngumi kuliko wote. Alikuwa haogopi kwa niaba yetu, na siye tukaweza kuogopa kwa amani.

Kisha ikaja ile Jumapili ya milio ya risasi. Ilianza mbali, ikasogea. Mama alituonyesha kwa mkono tujilaze karibu na ukuta, na hakuna mtoto wa jirani aliyeweza kutoka kwenda kwao. Weye ukaendelea kusoma. Ukaongeza sauti. Tonton Ngumi akavunja daraja, akabeba lori begani, akamuuliza bandi habari za mama yake. Watoto wakacheka palepale pa kuchekea. Mimi nilikuwa nimelala miguuni pako, nikainua macho, nikaona jalada: viatu juu, kofia chini. Ulikuwa umeshika bédé kichwa chini, yaya, na hukukosa hata neno moja.

Niliangalia tu vidole vyako kwenye ile karatasi. Tangu siku ile mtu akiniambia haogopi, mimi simwangalii usoni. Naangalia mikono.

Ndiyo maana telefone hainifai. Mikono yako siioni.

Jumanne dereva wa lori lililotoka huko kwenu migodini aliniachia mzigo wako. Nikafungua: vitenge vyako vya sikukuu, vimekunjwa vizuri, sufuria yako kubwa, na picha ya baba, imefungwa ndani ya shuka. Yaya, nani hapa Ituri asiyejua mzigo wa namna hiyo? Tumeutuma wenyewe mara ngapi. Mtu akianza kupeleka vitu vyake vizuri mjini, ujue miguu yake imeshasikia habari ambayo mdomo haujasema. Nikakupigia palepale.

"Yaya, hii sufuria ni ya nini?"

"Ilikuwa inanijazia nyumba."

"Na picha ya baba nayo inajaza nyumba?"

Ukacheka. Ulicheka muda mrefu kuliko neno lenyewe. "Weye na woga yako! Huku iko bien. Mimi siogopi kitu."

"Sasa unapikia mu nini?"

Ukasema réseau ya simu inakatika. Haikukatika, yaya. Niliendelea kusikia kuku akipita.

Nimekaa na hilo jambo tangu Jumanne, na suruali za watu zinalijua. Ninashuku unajua kitu kuhusu barabara ya huko. Ninashuku kuna mama aliye karibu kuzaa, labda wawili, na mzalishaji pale centre de santé, kituo cha afya, ni weye peke yako, wenzako wamekwisha kuondoka. Na ninashuku unawasomea wale mama kwa sauti kubwa, kama ulivyotusomea siye, ili wasisikie kinachosogea. Kama nimekosea, nicheke mpaka mwaka kesho. Nimezoea.

Lakini mimi si mtoto wa mavumbini tena. Tumbo hili lote ni la mtu mzima. Huna haja ya kunibadilishia sauti. Niambie tu, "Mudogo, naogopa," nami nitakuheshimu kuliko yule wa kofia, maana yeye risasi zinamkunjikia, na weye hazitakukunjikia.

Yule kijana wa taksi-moto amekubali kunileta Alhamisi. Aliniuliza kama ninaogopa ile barabara. Nikamwambia ndiyo, sana, na kwamba nitafumba macho njia nzima, yeye afumbue yake. Ukiwa tayari kuondoka, tutarudi pamoja. Ukisema bado kuna mama wa kuzalisha, sitabishana na weye. Nitabaki, nitachota maji, nitachemsha utakachoniambia nichemshe, na mlio ukisikika nitakuwa wa kwanza kulala chini. Kuogopa hapo pamoja na weye kutanifaa kuliko kuogopa huku peke yangu.

Mdogo wako anayekuja,
Bosco