Kwa Fundi Aliyetusomea Kapteni Kishada

Mwaka umetimia, baba, tangu ulipotundika utepe wa kupimia msumarini, ukasema unakwenda kunyoosha mgongo kidogo, usiamke tena. Utepe uko pale pale. Mama hataki uguswe, labda siku ya kufuta vumbi, na hata siku hiyo anafuta mwenyewe.

Ulikuwa fundi cherehani wa kutembea na pini mdomoni. Mtu akikusalimu, uliitikia kwa pembe ya mdomo huku macho yakiwa kiunoni mwake. Mkweo alipokuja kujitambulisha hukumwuliza kazi wala kabila. Ulimwambia tu kwamba bega lake la kushoto limeshuka, na kwamba aliyemshonea lile koti amemwonea. Sare za watoto wa jirani ulizishona na pindo refu la ndani ili mwakani zishushwe tu. Hukulitangaza. Mpaka leo kuna watu wazima mtaani wanaodhani nguo zao za shule zilikuwa zinakua nao.

Na ulitusomea Kapteni Kishada. Vile vitabu kumi na viwili vya katuni vilikuja chini ya katoni ya vifungo, vimewekwa ili vifungo visimwagike, navyo viliandikwa kwa lugha ya kigeni uliyodai kuijua tangu ujana. Jina hilo la Kishada ulimpa wewe, kwa sababu ya lile joho lake lililopepea mgongoni. Ulikaa kwenye kigoda, ukasoma kwa sauti, na mguu ukakanyaga cherehani tupu kila aliposhika mbio. Kuvishika ilikuwa mwiko. Ulivifunga kwa kitambaa, ukavipandisha juu ya kabati.

Tulichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha tatu, cha Fundi Mkuu, yule bwana mrefu mwenye nguo nyeusi aliyemkimbiza Kapteni mtaa hadi mtaa, utepe wa kupimia ukichezacheza mkononi. Suruali ya Kapteni imembana, kila mtu anaona, ila yeye mbishi, hataki kupimwa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Sasa msikie binti yako wa kwanza. Amekuwa mpima ardhi, kazi ya ukoo tu, ila kipimo ndicho kilichorefuka. Kapteni naye amekua. Siku hizi yuko kwenye filamu, anaruka kati ya nyota na kuulilia utoto wake. Binti yako hakosi hata moja. Yumo kwenye kundi la simu la washabiki, na kwa miaka miwili amegombana nao humo akiuliza kwa nini watengenezaji wamemtoa Fundi Mkuu. Wakimjibu kwamba hawamjui, aliwaita washabiki wa juzi. Mwisho wakamwambia vizuri tu: wewe ndiye mwenye vitabu vya kwanza, basi Jumamosi njoo ukumbini utuonyeshe.

Alivishusha kabatini akiwa na furaha yake yote. Lugha ile aliisoma chuoni, na ndiyo kwanza anavisoma kwa macho yake mwenyewe. Cha kwanza kilimchekesha. Kapteni wa zamani hakujua hata kuruka angani. Alidunda tu kutoka paa hadi paa, sura yake ikibadilika kila ukurasa, rangi nyekundu ikimwagika nje ya mistari. Tena hakuwa na adabu. Ngumi kwanza, maswali hayapo. Binti yako alishangaa, maana Kapteni wako kila siku alianza kwa kumwuliza jambazi kama amekula.

Halafu akafungua cha tatu. Utepe ulikuwa mjeledi. Fundi Mkuu hakuwa fundi, alikuwa mchunga simba katili wa sarakasi, na hapakuwa na suruali iliyozungumzwa popote.

Alimfuata mama jikoni na kitabu mkononi, akamwuliza baba alikuwa anasoma nini miaka yote ile. Mama alicheka hadi akashika ukuta.

"Baba yenu lugha ile hakuijua hata salamu," alisema. "Alikuwa anatazama picha."

Binti yako hakucheka, baba. Tuseme ukweli, alikukasirikia. Alijiona amevuliwa nguo mbele ya watu, na aliyemvua ni fundi aliyemvisha. Akaanza kuwaandikia washabiki kwamba anaumwa, Jumamosi hatakuja. Huku akitafuta maneno, mkono wake ulikuwa unafunua kile cha kumi na mbili, na hapo ndipo alipouona mwandiko wako. Penseli ile ya nyuma ya sikio. Akarudi kwenye vingine, akakuta ile mikwaruzo ya pembeni mwa kila ukurasa, aliyoipita akidhani ni vipimo vya nguo, ni maneno yako: hapa walicheka. Hapa mdogo aliogopa, mlegeze huyu jambazi. Hapa panachosha, kanyaga cherehani.

Cha kumi na mbili ulikisoma wiki ile kitindamimba wako alipolazwa, homa haishuki, na madaktari wakaanza kuzungumza chini chini. Kwenye ukurasa wa mwisho Kapteni amelala chini ya kifusi, na maandishi yanasema amekufa. Pembeni uliandika maneno mawili, umeyakandamiza hadi karatasi ikatoboka.

"Hapa asife."

Tunakumbuka ulivyosoma. Kapteni hajafa, suruali tu imepasuka, anaona haya kusimama mbele za watu. Basi Fundi Mkuu akakaa chini kando yake, akashona polepole mpaka kiuno kikakaa sawa, akamwambia inuka. Akainuka. Kitindamimba naye akainuka, leo ni fundi magari mwenye tumbo lake, na suruali zinambana.

Jumamosi binti yako alikwenda, nasi tukamsindikiza. Aliwaomba radhi washabiki wa juzi, kisha akawasomea cha kumi na mbili mara mbili, kwanza kilivyoandikwa, halafu kwa penseli yako. Ukumbi ulicheka, kisha wa nyuma wakasogea mbele. Kijana mmoja aliuliza toleo hilo la pili linapatikana wapi. Binti yako aligeuka kutafuta leso, tukampigia makofi ili apate pumzi.

Anakukumbuka mkeo, ambaye aliitunza siri yako kwa raha zake. Anakukumbuka binti yako mpima ardhi na mumewe wa bega lililoshuka, kitindamimba wako, na wajukuu wanne wanaojua fika kwamba Kapteni Kishada hupigana na mtu baada ya kumwuliza kama amekula.

Kabla ya kulipeleka tangazo hili gazetini, binti yako aliichukua penseli yako, akaenda pale penye tarehe yako ya mwisho, akaandika pembeni: hapa asife.

Tutakukumbuka siku zote, fundi wetu.