Farasi wa Malvern

Kaka Idrisa, shikamoo.

Hapa Johannesburg, kwenye kongamano, nimezungumzia katiba za nchi zilizokuwa za kikomunisti, na wasomi wakasinzia. Utamu niliukuta Jumamosi huko mtaa wa Malvern, ndani ya saluni, mvua ya mawe ikipiga bati. Wahamiaji wenzetu walikuwa wakipitisha katiba ya chama chao cha kuzikana. Mwenyekiti, Mtanzania, aling'ang'ania kifungu hiki: "Kamati itashika hatamu daima." Yaani uchaguzi basi! Chama kushika hatamu, somo lako lile lile la siasa ulilotufundisha darasani kwa fimbo.

Mama Furaha, msusi Mkongomani, akauliza, "Hatamu ni kitu gani, papa? Inakuwaka tamu?"

"Ni kamba ya kumwongozea farasi, mama," mwenyekiti akajibu kwa fahari.

Nikadakia, "Na farasi ni nani humu ndani?"

Saluni nzima ikaangua kicheko. "Eish! Ni sisi!" akapiga kelele Mama Furaha. Kifungu kikakataliwa kwa mikono iliyojaa mafuta ya nywele, na mwenyekiti atapigiwa kura kama watu wengine.

Mungu akuponye hilo goti linalokuuma upesi, kaka. Nataka unijibu ukiwa umesimama, kama ulivyotusimamisha sisi darasani.

Mdogo wako akupendaye,
Rajabu