Kitufe chenye upana wa kizibo

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua milimani tangu asubuhi. Hapa Kasenga jua. Hali hii naiogopa kuliko zote: mto unajaa huko tusikoona, na juu yetu anga safi. Simu iko mezani, sauti juu kabisa.

Nauandika utaratibu wetu ili kichwa kitulie. Yakobo analima mlimani, mahali anapouona mto kabla yetu. Maji yakibadilika, anafinya kitufe chekundu katika programu aliyoitengeneza binti yangu Esperansi. Simu yangu inalia. Nakimbia uwanja wa kanisa kugonga rimu ya lori, ndiyo kengele yetu. Dada yangu, Mama Riziki, anaishi ukingoni mwa mto wetu, Mulongwe, na wajukuu wake. Akisikia chuma, anapanda nao shuleni. Maji yakiwa sawa, Yakobo anafinya kijani.

Mchana imekuja kijani. Nimemshukuru Mungu, nikala.

Jumanne, 4 Novemba

Maji yaliingia kwa dada jana alasiri. Magotini. Watoto walipandishwa juu ya meza. Mimi nilikuwa nala bugali.

Hakuna aliyekufa.

Dada amekuja mpaka mlangoni. "Kaka, weye na chuma yako, mulilala pamoja?"

Nimemwonyesha simu: kijani.

Jumatano, 5 Novemba

Yakobo ameshuka. Nilimpokea kwa hasira, naye akanirudishia.

"Mwalimu, minye nilifinya nyekundu! Kidole yangu iko kubwa, lakini haiko kipofu."

Nikaomba simu. Si ile ya zamani. Ile iliangukia majini, mwanawe akamtumia nyingine ya mtumba kutoka Bujumbura. Kioo kizuri, herufi kali. Vitufe vyetu juu yake vimekuwa punje mbili za maharagwe, zimekaribiana. Kidole gumba cha mtu wa jembe kinazifunika zote mbili. Alifinya nyekundu, simu ikasikia kijani, akaificha mvua isiiloweshe.

Nimeogopa zaidi ya jana. Mtu akikosea unamwonya. Hili lingerudi kimyakimya, kila mvua.

Esperansi: "Papa, kwa simu yangu iko muzuri."

Kwa yake, ndiyo. Aliandika ukubwa wa kitufe kwa idadi ya vitone vinavyounda picha kwenye kioo. Nilimweleza kama nilivyowaeleza wanafunzi wangu wote: kitone si kipimo. Ukiambiwa shamba lina hatua mia, uliza kwanza hatua za nani. Kioo cha zamani kilikuwa na vitone vinene. Hiki vyake ni vyembamba, vimesongamana. Idadi ileile, upana mdogo. Kidole hakipungui.

Ijumaa, 7 Novemba

Esperansi amerekebisha. Sasa programu inaiuliza simu: vitone vyako vingapi vinajaza sentimeta moja? Halafu inazidisha. Nimeweka rula juu ya simu yake. Sawa. Juu ya yangu. Sawa. Juu ya ile ya Yakobo: kitufe bado kidogo.

Simu inadanganya. Aliyeiunda aliiwekea namba isiyo yake. Hesabu yetu ni sahihi, jibu lake ni msiba.

Mawingu meusi juu ya milima. Nimemwomba dada aje alale kwangu. Amekataa. Ana mbuzi wa kulinda, amesema.

Jumamosi, 8 Novemba

Asubuhi nimekumbuka vizibo vya chupa. Watoto wa darasa la kwanza tuliwafundisha kuhesabu kwa vizibo. Cha bia, cha soda, upana ni mmoja. Nimevipanga juu ya rula kuhakikisha.

Basi tusiiulize simu. Tunaweka kizibo juu ya kioo, tunavuta kwa kidole duara lililochorwa kiooni mpaka likumbatie ukingo wake. Hapo programu inajua ukweli, na simu haina la kusema. Esperansi ameshinda kutwa nzima akiifanya kazi hiyo. Kitufe chekundu amekipa upana wa kizibo kizima. Kijani amekishusha chini, mbali.

Yakobo hakupenda. "Minye ni shemasi, Mwalimu. Watu wakikuta kizibo ya bia mu mufuko yangu?"

"Chukua ya soda, mutumishi wa Bwana," Esperansi akamjibu.

Walicheka. Mimi sikuweza. Nilimfanya afinye kidole kikiwa kimelowa, kisha kupitia mfuko wa plastiki anaoivisha simu wakati wa mvua. Nyekundu. Tena. Nyekundu. Amerudi mlimani. Bado sijaamini.

Jumanne, 11 Novemba

Asubuhi, jua kali. Simu ikalia. Nyekundu.

Nilisimama. Na kama safari hii kidole kimekosea upande wa pili? Nitamhamisha dada bure, na kesho nikigonga hatasikiliza. Hiyo ndiyo hofu iliyonishika mlangoni. Kisha nikakikumbuka kizibo, nikakimbia kwa miguu hii ya uzee.

Nikagonga mpaka bega likafa ganzi. Watu waliangalia anga, wakaniangalia mimi. Dada alipanda na watoto, godoro kichwani, akinitukana njia nzima. Wajukuu wote. Hata mbuzi.

Ndipo tukasikia mawe yanabingirika mtoni.

Nyumba yake imekwenda nusu. Ile nusu ya kulala. Ilikuwa tupu.



Jumapili, 16 Novemba

Dada anakaa kwangu. Mbuzi amefungwa uani, anakula mboga zangu. Wajukuu wanacheza na vizibo sakafuni.

Yakobo alipita baada ya ibada. Tulikula ndagala, dagaa wetu wa huku. Alitoa kizibo chake, akakipima kwenye kioo mbele yangu bila kuombwa, akakirudisha mfukoni.

Jioni hii imekuja kijani. Nimeitazama sana. Nimeiamini.

Viatu nimeviacha miguuni.