Tawi la Sale Alilolileta Eliamani

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mdomo umezoea.

Karakana yako ya Kiboriloni tumeifunga. Mwenye fremu amempangisha muuza mitumba, na pale ulipokuwa unatundika vyuma sasa zinaning'inia suruali. Mashine yako, lakini, iko kila mahali. Nimeiona mtaa wa Soweto, nimeiona hadi Chekereni, wanakatia mabua ya ng'ombe. Imepakwa rangi ya kijani, na ubavuni imeandikwa jina la Eliamani, rafiki yako. Eti yeye ndiye mbunifu! Mtu asiyejua hata kuchomelea bawaba.

Wewe uliunda, yeye akauza. Ndivyo mlivyokubaliana, nami nikamwita baba mdogo. Kumbe alikwenda kuisajili kwa jina lake, akaipeleka kiwandani Dar. Ulipokwenda ofisi ya usajili kulalamika, wakakuuliza karatasi. Ulikuwa na makovu ya moto mikononi tu. Ukarudi, ukanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikokuua, hata kama daktari alisema ni presha.

Kinachonichekesha kwa uchungu ni kwamba mpini bado uko kushoto. Uliuweka huko kwa sababu Mama hutumia mkono wa kushoto, na ulichoka kumwona akikatakata migomba ya ng'ombe kwa panga huku akijikata vidole. "Hii ni ya mke wangu kwanza," ulisema. "Wengine watazoea." Basi kina mama wote wa mlimani wanazungusha kwa kushoto na kunung'unika, wakimuuliza Eliamani kwa nini, naye hana la kuwajibu. Ameiba mashine, ameiba hadi mapenzi yako kwa Mama, wala hajui.

Jumamosi alikuja nyumbani. Ulipokuwa hai hakuja kukuomba msamaha. Alishika tawi la sale kwa mikono miwili, akaninyooshea. "Mwanangu, pokea. Shetani alinipitia." Shetani gani huyo anayepita miaka yote hiyo, mpaka kwenye ofisi za usajili? Lakini unajua mila yetu: ukiletewa sale, unasamehe, huulizwi kama unataka. Wajomba wakanikodolea macho. Mama akasema taratibu, "Pokea, tupumzike."

Nikapokea, kwa ajili ya Mama. Mkono ulipokea, moyo ukakataa. Nina hasira, Baba. Nina hasira hata na wewe, uliyemwamini mtu kwa sababu tu mlibatizwa pamoja.

Lile tawi nimelichomeka hapa kihambani, katikati ya migomba yetu, kwenye miguu ya kaburi lako. Nakuahidi, likishika mizizi nitamsamehe kweli, nimwite baba mdogo tena mbele za watu. Ila ndoo ya maji sitaigusa. Sitalimwagilia hata tone.

Kwaheri, Baba. Pumzika. Mvua ikinyesha, shauri yako.

Binti yako,
Ndeshi