Baromita Imeshuka Mapema

Jumanne, 5 Machi
Sasa wananiita Nabii. Hata mama muuza chai wa getini kwetu, kituo cha hali ya hewa: "Nabii, leo nianike nguo?" Nikacheka. Moyoni sikucheka.

Ijumaa iliyopita nilisema upepo mkali unakuja. Wingu likageuka, likaenda zake kumwaga maji ng'ambo ya kilima. Kaka yangu, fundi paa, alikuwa ameshawashusha mafundi wake wote kwa neno langu. Nusu siku ikapotea. Msimamizi wa ujenzi akamfokea mbele za watu.

Tangu siku hiyo hajanipigia.

Jumatano, 6 Machi
Joto! Nyuzi thelathini na nne saa saba mchana, na unyevu mwingi mno — shati limenigandia mgongoni. Nimetoka kutazama mbingu mara tano. Mkuu wa kituo ameniuliza kama tumbo linanisumbua.

Kaka kapiga! Si kwa ajili yangu — anatafuta funguo za mama. Nikauliza paa limefikia wapi. Ni ukumbi wa shule. Mabati yako juu yote, misumari nusu tu.

Nikaanza: ardhi ikichemka, hewa ya moto inapaa. Huko juu inapoa, mvuke unageuka matone, wingu linanenepa. Kisha hewa baridi inaporomoka pamoja na mvua, na ikifika chini haina pa kwenda ila pembeni. Huo ndio upepo unaong'oa mabati.

"Mdogo wangu, niambie saa ngapi. Mvuke nikufanyie nini?"

Saa siwezi kuijua. Hapo ndipo panaponiuma.

Alhamisi, 7 Machi
Hakuna kitu. Vijiwingu vya pamba, vikayeyuka jioni. Nimetafuna kucha zote.

Ijumaa, 8 Machi
Saa nne na nusu asubuhi. Baromita, kipima uzito wa hewa, hupanda mpaka saa nne hivi, kisha hushuka mpaka saa kumi. Kila siku, kama kifua cha mtu aliyelala. Leo imeanza kushuka saa mbili na nusu! Nikagonga kioo kwa kidole. Nikatoa ile ya zamani kabatini. Zinasema lile lile.

Mkuu: tusubiri makao makuu, tusiaibike mara ya pili. Si mtu mbaya. Anaogopa tu. Hata mimi.

Saa sita. Wingu limesimama magharibi, kichwa bapa kama fuawe la mhunzi. Kaka hapokei simu. Nimemwambia mkuu naenda shuleni kwa kaka. Akaniuliza nani atasoma vipimo vya saa saba. Nikaweka kalamu ya ofisi mbele yake.

"Wewe, mkuu. Unajua kusoma."

Sijui ulimi huo niliutoa wapi.

Saa saba kasoro. Nimekaa juu ya mifuko ya saruji, naandika ili mikono itulie. Msimamizi hakunibishia. Alitazama wingu, akanitazama mimi, akapiga filimbi. Mafundi wanne wameshuka, wako ndani ya stoo ya mawe. Yeye amekimbilia madarasani kuwaambia walimu wafunge madirisha.

Kaka bado yuko juu.

Anayafunga kwa kamba mabati yasiyo na misumari. Nimempigia kelele ashuke. Akasema akiyaacha hivi yatarukia madarasani, kule watoto wamejaa. Ni kweli! Sikuwa nimelifikiria hilo. Mimi nilimfikiria yeye tu.

"Nikimaliza upande huu, nirushie ile kamba nyingine."

Iko miguuni pangu. Nzito, imelowa maji ya saruji.

Upepo umekata ghafla. Vumbi limelala. Bendera ya shule imening'inia kama kitambaa cha jikoni. Utulivu huu naujua, hauna dakika nyingi.

Nikimrushia, atabaki. Nisipomrushia, atabaki vilevile, akiyabana mabati kwa mikono.

"Haya, rusha!"

Ubaridi umenigusa shingoni. Bendera imetikisika — kutoka magharibi.

Sirushi, naipandisha mwenyewe. Wawili tutamaliza upesi. Ngazi iko —