Usikubali Waling'oe Jino la Masanja

Nkololo, Bariadi

Mwangaluka, mjukuu wangu Kabula. Huku tumeamka salama. Babu yako anapalilia pamba, na yule ng'ombe mwekundu kazaa dume.

Ujumbe wako nimeusoma. Mwanao Masanja, miaka minane, kavunja jino la mbele, na daktari anataka kuibakiza nyama hai iliyomo ndani, aifunike kwa dawa, ili mzizi uendelee kukua. Mama mkwe wako anasema ling'olewe, yaishe. Unaniuliza mimi.

Nilikuwa na umri huohuo ndama aliponipiga teke mdomoni. Baba alikuwa mtu wa mnadani. Akifunua mdomo wa ng'ombe anakutajia umri wake. Akanifunua na mimi. "Hili la utoto," akasema. "Hata ndama huangusha, likaota jingine." Akaling'oa. Mama akaliokota: mzizi mfupi, ncha yake wazi kama mrija. Kumbe lilikuwa la ukubwani, bado linakua. Nilisubiri jingine mpaka nikaolewa na pengo. Meno ya ng'ombe wa watu aliyajua yote, ya bintiye hakuyajua. Hilo linaniuma hadi leo.

Basi mwache daktari alifunike. Na kila akimwita, mpeleke, hata kama haliumi, kwa sababu mzizi haukui kwa siku moja.

Mama mkwe akibisha, mpe simu niongee naye. Nitamuuliza moja tu: likishang'oka, yuko tayari kumpa mtoto la kwake?

Bibi yako,
Minza